Machela Kwanza, Tarbushi Baadaye

Uigizaji wa vita vya zamani ni burudani ya watu wazima wenye akili timamu, ajira za kudumu na, mara nyingi, wajukuu. Jumamosi asubuhi huvaa sare za askari waliokwisha kuzikwa, hujipanga uwanjani, hupigana vita ambavyo mshindi wake anajulikana tangu enzi za mababu, hufa kwa mujibu wa ratiba, kisha hufufuka chakula kikiiva. Pembeni yao hukaa kundi la pili, dogo lakini lenye damu nyingi zaidi: waigizaji wa tiba. Hawa huvaa aproni, hushika misumeno, hufunga bendeji na kumkaripia majeruhi anayecheka.

Kwa Mtanzania aliyehamia Kampala kikazi, mchezo huu una mlango wake wa kuingilia, nao haufanani na ule unaoelezwa kwenye vitabu vya Ulaya. Mlango huo unaelezwa hapa kwa faida ya ndugu walioko Tanga, ambao walipoona picha ya kijana wao amebebwa kwenye machela walipiga simu kuuliza kama amepona, na walipoambiwa kwamba hakuwa mgonjwa wakaanza kuwa na wasiwasi wa aina nyingine.

Uingereza ndiko mchezo ulikowekewa vyama, kanuni na ada za mwaka. Chama cha Sealed Knot, kilichoanzishwa mwaka 1968 na Brigedia Peter Young, hurudia vita vya Waingereza wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, na Mfalme Charles wa Kwanza hushindwa msimu hadi msimu bila kukata tamaa. Kila Oktoba, katika mji wa Battle, Mfalme Harold huuawa tena na watu wa William kama mwaka 1066. Marekani nayo ina Gettysburg, ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, na nyuma ya mistari ya Gettysburg huwa kuna hema la tabibu lenye meza ya mbao, klorofomu ya uongo na ndoo ya viungo vya plastiki. Frederick, mji wa Maryland, una jumba zima la makumbusho ya tiba ya vita hivyo. Watazamaji hujaa kwenye hema hilo kuliko kwenye mizinga, na sababu haihitaji utafiti: wachache wamewahi kupigwa na mzinga, lakini kila mtu amewahi kumwogopa daktari.

Wa Tanga wanaotaka kucheka wacheke kwa tahadhari. Pwani ilishaucheza mchezo huu kabla ya Brigedia Young kuzaliwa. Ngoma ya beni ilichipuka kwenye miji ya pwani, Lamu na Mombasa zikiwa mbele, mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka Tanga na Dar es Salaam na kuingia bara. Wachezaji walivaa kama wanajeshi na mabaharia, walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, walikwenda kwa gwaride, na waligawana vyeo kuanzia mfalme na jenerali hadi kuruta wa mwisho. Vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi na kwa karamu, na karamu za mashindano zina tabia ya kuacha madeni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi wa pande zote mbili, wa Mwingereza na wa Mjerumani, waliibeba beni mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Tiba nayo haikusahauliwa. Katika kalela, ngoma ya ukoo wa beni iliyokulia kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, mtafiti J. Clyde Mitchell alimkuta miaka ya 1950 mtu aliyeitwa daktari, amevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu, pamoja na nesi aliyepita kati ya wachezaji na kioo na leso ili kila mmoja ajitazame na kujipangusa. Hospitali nyingi za leo hazitoi huduma hiyo.

Kampala yenyewe si mgeni wa mambo haya. Ijumaa Kuu askari wa Kirumi hutokea mitaani na helmeti za kadibodi, wakimsukuma Yesu kuelekea Kalvari katikati ya foleni ya teksi. Namugongo, upande wa Waanglikana, kuna masanamu makubwa kama watu yanayoonyesha vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga wakifungwa kwenye matete na kuchomwa moto tarehe 3 Juni 1886, na mahujaji huyatazama kwa makini ya mtu anayekagua kazi ya fundi. Kwa hiyo wenyeji hawashangazwi na mtu aliyevaa nguo za zamani. Wanachotaka kujua ni vita gani, na yeye yuko upande gani.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuamua, na ndipo mgeni anapovuruga mambo asiposhauriwa. Vita vya Mengo vinavutia. Kapteni Frederick Lugard wa Imperial British East Africa Company alipanda kilima cha Kampala Desemba 1890 na kujenga ngome yake. Tarehe 24 Januari 1892 watu wake, wakiwa na bunduki ya Maxim iliyochakaa, waliwasaidia Waprotestanti kuwashinda Wakatoliki. Ni vita vifupi, vinatosha asubuhi moja, na uwanja bado upo: Rubaga ya Wakatoliki na Namirembe ya Waanglikana zinatazamana mpaka leo. Ubaya wake ni huko kutazamana. Anayetafuta watu wa kujitolea kuwa upande ulioshindwa atagundua kwamba matokeo ya mwaka 1892 bado yanakatiwa rufaa kwenye harusi za dini mchanganyiko. Ngome ya Lugard nayo ilibomolewa na kujengwa upya kando kidogo ulipokuwa ukijengwa Msikiti wa Gaddafi, hivyo hata yenyewe siku hizi ni mwigizaji.

Vita vya 1979, vya kumng'oa Idi Amin, Mtanzania asiviguse kabisa. JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala tarehe 10 na 11 Aprili mwaka huo, na mjini bado wamejaa watu wanaokumbuka siku hizo saa kwa saa, pamoja na nani aliondoka na redio ya nani. Ikitokea mwenye nyumba ni mmoja wao, kodi inapanda.

Kuna Burma. Batalioni ya nne ya King's African Rifles (KAR, au keya), iliyokuwa ya Uganda, ilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyowasukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944, katikati ya masika ya huko. Ni historia ya heshima, na wazee wa keya waliorudi waliisimulia mpaka wajukuu wakaijua kwa moyo. Lakini inadai Wajapani, na Wajapani wa Kampala wana kazi zao.

Inabaki Vita Kuu ya Kwanza, ambayo ina kila kitu. Wajerumani na Waingereza walirushiana risasi kwenye mto Kagera. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaivamia Bukoba. Na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alizungushana nao mpaka Msumbiji, akajisalimisha Abercorn, Mbala ya sasa, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini. Hakuna familia inayoishi karibu na njia zake isiyo na babu aliyebeba kitu humo. Wa Tanga wana nafasi ya pekee, kwa kuwa vita vilipiga hodi kwao mapema: kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India kilishuka Tanga, kikashindwa na jeshi dogo zaidi, kikaondoka na kuacha risasi laki kadhaa ufukweni. Nyuki waliochokozwa na risasi waliingia vitani wakauma watu bila kuuliza bendera. Pambano hilo huombwa mara kwa mara na wageni wa Kampala wasiolijua, nalo hukataliwa kwa sababu nyuki hawafuati ratiba.

Baada ya kuchagua vita, kawaida ya wenzetu wa Ulaya ni kununua sare. Kampala hapo ndipo pa kusimama na kuvuta pumzi. Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, ya mwaka 2005 inamkataza raia kumiliki sare na vifaa vya jeshi, na mwaka 2019 orodha ya mavazi ya kijeshi ilichapishwa kwenye gazeti la serikali, bereti nyekundu ikiwa ndani yake. Suruali ya madoadoa iliyookotwa kwenye mitumba ya Owino, hata kama ni ya jeshi la nchi ambayo muuzaji hawezi kuitaja, inaweza kumfanya mwenye nayo aeleze mapenzi yake ya historia mbele ya watu wasiopenda historia. Bunduki ya mbao ikichongwa vibaya haina maana, na ikichongwa vizuri ni hatari. Askari wa Kirumi hawamo kwenye orodha yoyote, ndiyo maana Ijumaa Kuu hupita kwa amani.

Ndiyo sababu Kampala mtu huanza na tiba. Hata huko kuna kizingiti: msalaba mwekundu unalindwa na Mikataba ya Geneva, si urembo wa kushonea mkononi siku ya mchezo. Ukiondoa sare ya jeshi, bunduki na msalaba, kinachobaki ni machela, bendeji na mtu wa kulala chini. Kwa bahati hicho ndicho kilichokuwa sehemu kubwa ya vita vyenyewe. Katika kampeni ya Afrika Mashariki magonjwa yaliangusha watu wengi mno kuliko risasi. Batalioni ya 9 ya askari wa miguu wa Afrika Kusini iliingia mapema mwaka 1916 na watu zaidi ya 1,100. Kufika Oktoba waliokuwa wazima hawakuzidi sana mia moja, na karibu wote walikuwa wameondolewa na homa na tumbo kabla ya kumwona adui vizuri. Mwigizaji anayetetemeka chini ya mwembe yuko karibu na ukweli kuliko anayekimbia na upanga.

Vazi la kale linawezekana, ila kwa kiasi. Askari wa KAR wa mwaka 1914 alivaa shati na kaptula ya khaki, sweta ya buluu, vitambaa vilivyoviringishwa kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti, na kichwani tarbushi au kofia ya khaki yenye pazia la kukinga shingo. Khaki inapatikana Kiyembe, mtaa wa vitambaa, kwa bei ya kuelewana. Fundi wa Kiyembe haulizi maswali ya historia. Anauliza ni shule gani. Swali lake lina haki, kwa sababu kaptula ya khaki na sweta ya buluu ni sare ya mwanafunzi wa msingi, na mhasibu wa miaka 45 aliyevaa hivyo hutazamwa barabarani kama mtu aliyekariri darasa mara nyingi sana. Hata hivyo kaptula hiyo ni kinga: suruali ndefu ya khaki ingemfanya afanane na polisi, na hakuna polisi anayeonyesha magoti. Makopo, vikombe vya bati na beseni hutengenezwa Katwe, ambako chuma chochote hugeuzwa kuwa kingine kabla ya saa sita.

Miguu ndiyo mtihani. Askari wengi wa KAR walikwenda peku au na makubazi, na funza waliingia kwenye vidole vyao kwa maelfu. Kuwatoa kwa pini ilikuwa sehemu ya ratiba ya jioni sawa na kuhesabiwa. Mwigizaji anayetaka ukweli wote huvua viatu. Akifanya hivyo kwenye Kampala Road atapewa shilingi mia tano na mama mmoja, pamoja na dua.

Kuhusu lugha, mgeni wa Tanga hudhani atapata alama za bure, kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za KAR. Hazipati. Kiswahili cha keya kilikuwa kifupi, hakikujali ngeli, na kilisemwa kwa sauti ya kumwamsha aliyelala kilima cha pili. Idi Amin, aliyejiunga na KAR mwaka 1946 akiwa msaidizi wa jikoni, alipanda vyeo ndani ya lugha hiyo. Waganda wengi walikua wakiisikia kwenye vizuizi vya barabarani, ndiyo maana mtu wa pwani akisema kwa upole "Samahani ndugu, naomba kupita," mikono ya watu huanza kupanda juu kabla hawajasikia neno la pili. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akipewa cheo cha sajenti, hafai. Amri zake hutoka hivi: "Jamani, kama hamtajali, tugeuke kulia." Sajenti mzuri wa mchezo huu ni Mganda aliyejifunza maneno arobaini tu na hana nia ya kuongeza.

Tiba inastahili kujifunzwa kwa bidii kuliko mengine yote, na hakuna mji wa Afrika Mashariki wenye mahali pazuri pa kujifunzia kuliko huu. Daktari Albert Cook alifika Mengo Februari 1897, baada ya kutembea na msafara kutoka pwani, akiwa na nesi Katharine Timpson ambaye baadaye alikuwa mke wake. Mwaka huo huo askari wa Kisudani wa Uganda Rifles waliasi na kujifungia kwenye ngome ya Luba, Busoga, na Cook akaenda kutibu majeruhi. Hapo pana mfano kamili wa tabibu wa vita, miaka 17 kabla ya Vita Kuu. Hospitali ya Mengo iliungua kwa radi mwaka 1902, ikajengwa tena, na wakati wa Vita Kuu ikapokea wagonjwa wa jeshi. Cook alikuwa na tabia moja ambayo mwigizaji hana budi kumshukuru: aliandika kila kitu. Kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo tangu miaka hiyo ya mwanzo zimehifadhiwa Makerere, katika maktaba yenye jina lake. Anayetaka kuigiza mgonjwa wa miaka ile ana pa kwenda kusoma mgonjwa wa kweli alilalamika nini, akapewa nini, akaishia wapi. Wengi wakishasoma hubadilisha ugonjwa.

Sanduku la tabibu wa wakati ule lilikuwa na iodini, pamanganeti, asidi ya kaboliki, chumvi ya haluli iliyotolewa kwa karibu kila lalamiko ili watu wapunguze kulalamika, sindano ya emetini kwa kuhara damu, na kwinini. Kwinini ndiyo iliyobeba vita. Waingereza walipofunga bahari, Wajerumani walitumia magome ya mkwinini kutoka Amani, milimani Usambara, juu tu ya Tanga. Baadaye, porini, walichemsha magome wakapata maji machungu ambayo askari waliyapa jina la pombe ya Lettow. Mchezoni dawa za kweli haziruhusiwi, na pipi hazimshawishi mtazamaji. Waliotafakari sana wamekubaliana juu ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa: uso anaoutoa mgonjwa baada ya funda la kwanza hauhitaji mwalimu wa maigizo.

Wagonjwa nao hupangwa kwa madaraja. Jeraha la risasi ndilo linaloombwa na wote, likiwezekana begani, upande usiochafua sweta. Malaria hupewa wenye subira. Funza hupendwa na wazee kwa sababu mgonjwa hukaa kwenye kiti. Kuhara damu hakuna anayejitokeza, ingawa ndiko kulikomaliza watu. Huigizwa kwa kukimbilia kichakani kila baada ya muda, na maelezo kwa watazamaji hutolewa na mtu mwingine. Yupo pia anayependekeza upasuaji wa Bunyoro, ule alioushuhudia Robert Felkin mwaka 1879: mkunga mpasuaji alimlewesha mama kwa pombe ya ndizi, akanawa mikono na kumwosha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, akamtoa mtoto hai, akafunga jeraha kwa pini za chuma na nyuzi za gome. Lilikuwa jambo kubwa, na Edinburgh walisoma habari zake kwenye jarida la udaktari mwaka 1884. Mchezoni hupita kwa kura zote mpaka atafutwe mgonjwa. Pombe hupatikana mara moja.

Watu wa kuigwa si wazungu peke yao. Mwaka 1917 liliundwa Uganda kikosi cha tiba cha Waafrika, African Native Medical Corps, chini ya Meja G. J. Keane. Vijana wake walitoka shule za misheni, walijua kusoma na kuandika, walifunzwa kufunga vidonda na kuhudumia wadi, wakapelekwa kwenye mapigano kusini. Mafanikio yao yaliwapa nguvu waliodai kwamba Waafrika wafundishwe udaktari nyumbani; Makerere ilifunguliwa mwaka 1922, na masomo ya tiba yakafuata muda mfupi baadaye kwenye hospitali ya Mulago. Kwa maoni ya barua hii, mwigizaji wa Kampala anayejipaka unga usoni ili awe daktari Mwingereza, wakati ana kijana wa shule ya Budo au Namilyango wa kumwiga, anajipunguzia hadhi na kupoteza unga.

Baada ya hapo ni machela. Hutengenezwa kwa mianzi miwili na turubai, na hubebwa na watu wanne. Siri yake inakwenda kinyume cha gwaride lote: wabebaji hawaendi mguu sawa. Wakienda mguu sawa kitanda huruka kama boti ya Pangani na mgonjwa hutapika. Wa mbele akitoa kushoto, wa nyuma hutoa kulia. Kwenye tambarare miguu ya mgonjwa hutangulia. Kwenye kupanda, kichwa. Kwenye kushuka, miguu tena. Kampala haina tambarare ya kutajika. Kati ya bonde la Kitante na kilima chochote mgonjwa hugeuzwa mara nyingi hata akishushwa hajui Entebbe iko upande gani.

Na nyuma ya machela wapo wapagazi, ambao ndio mchezo halisi. Kwa kila askari mmoja porini walihitajika wapagazi kadhaa, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 25. Uganda, Kenya na Tanganyika zilitoa watu kwa mamia ya maelfu. Walipewa unga wa mahindi na mara nyingi hawakupewa muda wala sufuria ya kuuivisha. Waliotoka kwenye nchi za ndizi ndio walioumia zaidi, matumbo yao hayakuujua unga huo. Takwimu rasmi za upande wa Waingereza zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Mnara wa askari wa Nairobi, wa mwaka 1928, umempa mpagazi nafasi moja kati ya watu watatu. Ule wa Dar es Salaam, wa mwaka 1927, umemsimamisha askari peke yake. Mchezo ukifuata hesabu, basi kwa kila daktari mmoja na sajenti mmoja pangekuwa na msururu wa watu wenye mizigo kutoka Wandegeya mpaka Kawempe. Hali halisi ni madaktari sita, masajenti wanne, meja wawili, na mpagazi mmoja ambaye ni mgeni na hakuelezwa.

Uwanja haupatikani bila mwenyekiti wa LC1, serikali ya mtaa, ambaye hupelekewa barua, hueleweshwa, huuliza kama kuna kura zinakuja, kisha hugonga muhuri. Shamba la migomba ndilo zuri kwa kivuli, ila mwenye shamba atataka kujua mapema kwamba watu watakaolala chini hawajafa. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hufuta damu ya rangi ya chakula na kuwapa madaktari kisingizio. Kuna pia kaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara wa Kampala, ambao hushuka mmoja mmoja na kusimama karibu na majeruhi, mikono nyuma kama wakaguzi. Wanajua kazi yao tangu vita vya kweli. Majeruhi aliyeambiwa asitikisike hutikisika.

Mchezo ukiisha, damu ioshwe kabla ya kutafuta usafiri. Mwendesha boda boda mwenye huruma akimwona mtu amefungwa bendeji kichwani hamuulizi anakwenda wapi. Humpeleka Mulago kwa kasi, na nauli haipungui.

Ndugu wa Tanga atakayekuja kutembea aje na makubazi, kikombe cha bati na shuka lisilo na kazi tena nyumbani. Nafasi za madaktari zimejaa, za masajenti pia. Za wapagazi ziko wazi, na mbebaji wa nyuma kushoto anahitajika haraka, kwa kuwa aliyekuwepo amepandishwa cheo kuwa mgonjwa.